Usajili, mbinu za timu na mbio za changarawe: maswali ya mashabiki wa baiskeli Unguja na Pemba

Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi kila mara mashabiki wa mbio za baiskeli wanapokutana, hasa wale walioanza kuufuatilia mchezo huu baada ya Kigali kuandaa mashindano ya dunia ya barabarani mwezi Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Majibu yanazingatia hali ilivyokuwa msimu wa 2026 ulipoanza. Msomaji ataona kwamba usajili, mbinu na aina ya barabara vinaingiliana katika karibu kila jibu, kwa sababu mwendeshaji husajiliwa ili afanye kazi maalumu juu ya barabara maalumu, na asiyeijua kazi hiyo hawezi kuupima usajili wake.

Je, usajili wa waendesha baiskeli unafanana na ule wa wachezaji wa mpira?

Unafanana kwa jina tu. Katika mpira, klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba huilipa klabu yake, na klabu nyingi huishi kwa fedha hizo. Katika baiskeli, desturi ya muda mrefu ni kwamba mwendeshaji humaliza mkataba wake Desemba 31, kisha Januari 1 akavaa jezi mpya, na timu aliyoiacha haipati chochote. Timu hizi hazina uwanja wala tiketi za kuuza, kwa kuwa mbio hupita barabarani na watu hutazama bure. Fedha za kuziendesha hutoka kwa wadhamini, ndiyo maana timu huitwa kwa majina ya makampuni na majina hayo hubadilika mara kwa mara. Anayesema kwamba timu fulani ya baiskeli "imemuuza" nyota wake kwa kawaida anatumia lugha ya mpira mahali ambapo haikai.

Kwa nini habari zote za usajili hutoka Agosti 1?

Kwa mujibu wa kanuni za shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, timu haziruhusiwi kutangaza rasmi usajili wa msimu ujao kabla ya tarehe hiyo. Mazungumzo yenyewe huanza mapema zaidi, na mara nyingi shabiki makini huwa ameshajua nani anakwenda wapi tangu mwezi wa Mei. Kuanzia Agosti 1 timu pia huruhusiwa kuwachukua vijana wachache kwa majaribio hadi mwisho wa msimu. Kijana anayeingia daraja la kulipwa kwa mara ya kwanza ana haki ya mkataba usiopungua miaka miwili, kanuni ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa zilizo bora kabisa katika mchezo huu, kwani mwaka wa kwanza mara nyingi huishia katika kujifunza, kuanguka na kuumwa.

Kama hakuna ada ya uhamisho, mwenye mkataba anaondokaje?

Anaondoka kwa makubaliano ya pande tatu: yeye mwenyewe, timu anayoiacha na timu anayokwenda. Mara nyingi timu mpya hulipa fidia ya kuuvunja mkataba, na kwa hiyo desturi niliyoieleza hapo juu inaanza kulegea.

Mifano ya karibuni inatosha kuonyesha mwelekeo. Tom Pidcock wa Uingereza alikuwa na mkataba na INEOS Grenadiers hadi mwisho wa 2027, lakini waliachana Desemba 2024 naye akajiunga na Q36.5, timu ya daraja la pili. Wengi walisema amejishusha. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya tatu katika Vuelta a España, mbio kuu ya Hispania, nyuma ya Jonas Vingegaard na João Almeida, akiwa na timu iliyopanga kila kitu kwa ajili yake. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyetwaa dhahabu mbili za Olimpiki mjini Paris mwaka 2024, alikuwa amefungwa na Soudal Quick-Step hadi mwisho wa 2026. Agosti 2025 ilitangazwa kwamba angeondoka mwaka mmoja kabla na kwenda Red Bull-Bora-Hansgrohe. Juan Ayuso wa Hispania alikuwa na mkataba mrefu zaidi, hadi 2028, lakini naye aliiacha UAE Team Emirates akaenda Lidl-Trek.

Wapo wanaolaumu kwamba mkataba umepoteza thamani. Naona lawama hiyo ina ukweli nusu tu. Mwendeshaji asiyetaka kuwapo hawezi kulazimishwa kumkinga mwenzake kwa upepo kwa muda wa saa tano, na timu inayomng'ang'ania hupata mwili wake bila juhudi yake.

Kwa nini bingwa aiache timu iliyomfanya bingwa?

Kwa sababu timu moja haiwezi kuwa na viongozi watatu katika mbio moja kwa miaka mingi. Mwaka 2023 timu ya Jumbo-Visma ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na timu yoyote: ilishinda mbio zote tatu kuu katika msimu mmoja, kila moja kwa mtu tofauti. Primož Roglič alishinda Giro d'Italia, Vingegaard akashinda Tour de France, na Sepp Kuss akashinda Vuelta, ambako wenzake hao wawili walimaliza wa pili na wa tatu. Kuss alikuwa ndiye msaidizi wa milimani wa hao wote, na katika siku za mwisho za Vuelta ile ilionekana wazi kuwa wakubwa walikuwa na nguvu za kumpita na walikuwa na hamu ya kufanya hivyo. Hatimaye waliamriwa kumwachia. Roglič akaondoka mwisho wa mwaka huohuo kwenda Bora, timu ambayo sasa ni Red Bull-Bora-Hansgrohe. Hakufukuzwa wala hakukosa mshahara. Alitaka kuingia Tour de France akiwa kiongozi asiye na mpinzani ndani ya basi lake.

Kwa hiyo unaposikia jina kubwa limehama, usiulize kwanza atalipwa kiasi gani. Uliza nani aliye kiongozi kule anakokwenda. Red Bull tayari ilikuwa na Roglič na Florian Lipowitz, kijana wa Kijerumani aliyeshika nafasi ya tatu katika Tour ya 2025, kabla ya Evenepoel kufika, na hilo ndilo swali kubwa la timu ile.

Kwa nini watu wanane wafanye kazi ili mmoja ashinde?

Jibu liko katika hewa. Mwendeshaji anayekaa nyuma ya mwenzake kwa karibu huokoa takriban theluthi moja ya nguvu zake, na aliye katikati ya msafara mkubwa huokoa zaidi ya hapo. Katika mbio ya kilomita 200, akiba hiyo ndiyo inayoamua nani atakuwa na miguu ya kupanda mlima wa mwisho. Wasaidizi huchota maji kwenye gari, huwafukuza waliochomoka mbele, hutoa gurudumu au baiskeli nzima kiongozi anapopata pancha, na hukaa upande unaotoka upepo ili yeye akae pasipovuma.

Katika mbio kuu kila timu huanza na watu wanane. Hadi mwaka 2017 walikuwa tisa. Katika milima mirefu kasi hushuka, na faida ya kukingwa hupungua, ndiyo maana huko msaidizi hupasa kuwa mpandaji mzuri karibu sawa na kiongozi wake. Watu wa namna hiyo ni wachache na ndio wanaogombewa kimyakimya katika kila dirisha la usajili, ingawa magazeti huwaandika mstari mmoja.

Nini hasa kilitokea katika Colle delle Finestre mwaka 2025?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu siku hiyo ya Mei 31, 2025, usajili, mbinu na changarawe vilikutana mahali pamoja.

Ilikuwa hatua ya 20 ya Giro d'Italia, siku moja kabla ya mwisho. Hatua ni mbio ya siku moja, na muda wa hatua zote hujumlishwa. Isaac del Toro wa Mexico, kijana wa timu ya UAE, alivaa jezi ya waridi, ambayo ni ya anayeongoza kwa jumla, akimtangulia Richard Carapaz wa Ecuador kwa sekunde 43 na Simon Yates wa Uingereza kwa dakika 1 na sekunde 21. Mlima wa Finestre una urefu wa kilomita 18 na ushei, mwinuko wake ni zaidi ya asilimia 9 kwa wastani, na kilomita zake 8 za juu hazina lami. Yates aliujua kwa uchungu. Mwaka 2018 alifika hapo akiwa yeye ndiye mwenye jezi ya waridi, akaishiwa nguvu na kupoteza zaidi ya dakika 38, wakati Chris Froome alipochomoka peke yake kwa kilomita 80 na kuyapindua mashindano.

Sasa tazama usajili. Yates alikuwa ametumia maisha yake yote ya kulipwa katika timu moja ya Australia, kisha akahamia Visma-Lease a Bike, ile iliyoitwa Jumbo-Visma, kwa msimu wa 2025. Uhamisho huo haukuzua kelele nyingi. Lakini Visma ilikuwa na kitu ambacho timu yake ya zamani haikuwa nacho, nacho ni Wout van Aert, mvutaji hodari wa Ubelgiji. Asubuhi ya siku ile Van Aert aliingia katika kundi la waliochomoka mapema, ingawa kwa umbo lake hakuwa na tumaini la kushinda hatua yenye mlima kama ule. Alipelekwa mbele ili angojee.

Carapaz alishambulia tangu chini ya mlima, Del Toro akamfuata, na Yates akapanda kwa mwendo wake hadi akawafikia. Aliposhambulia tena, wale wawili walitazamana. Del Toro aliona kuwa mpinzani wake ni Carapaz, wa pili, na kwamba Carapaz ndiye anayepaswa kuvuta, yaani kukaa mbele na kupigwa na upepo. Carapaz naye aliona kuwa mwenye jezi ndiye mwenye mali ya kulinda. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila sekunde waliyobishana kwa macho ilikwenda kwa Yates. Aliupita mlima akiwa mbele yao kwa zaidi ya dakika moja na nusu, akateremka, na bondeni akamkuta Van Aert. Hapo mbio zilikwisha, kwa kuwa njia ya kuelekea Sestriere ilikuwa na sehemu ndefu ambayo mtu mmoja hawezi kushindana na mvutaji kama yule. Yates alishinda Giro kwa karibu dakika nne juu ya Del Toro.

Wapo wanaosema Del Toro na Carapaz waliitupa Giro. Ni kweli, lakini kauli hiyo inampunja Van Aert na walioipanga siku ile. Mbinu ya kumtanguliza mtu mbele ya mlima hufanya kazi iwapo tu kiongozi atachomoka peke yake kwa wakati unaofaa, na ikishindikana, mmoja wa wavutaji bora duniani anakuwa amepotezwa bure siku nzima. Timu ilikubali hatari hiyo.

Je, ni kweli kwamba Ayuso aliondoka UAE kwa sababu ya Giro hiyo?

Hakuna anayeweza kuthibitisha sababu moja. Tunachojua ni mfululizo wa mambo. Ayuso aliingia Giro ile akiwa kiongozi na akashinda hatua ya 7. Katika hatua ya 9, iliyopita karibu kilomita 30 za barabara nyeupe za vumbi hadi Siena, Van Aert alimshinda Del Toro mwishoni, Del Toro akachukua jezi ya waridi, na Ayuso akapoteza zaidi ya dakika moja. Tangu hapo timu ikawa na viongozi wawili, na barabara ilikuwa imeshachagua. Baadaye alidungwa na nyuki jichoni akajitoa katika hatua ya 18, na kuondoka kwake katika timu kulitangazwa Septemba, Vuelta ikiwa inaendelea. Ukikumbuka pia kwamba Tadej Pogačar, bingwa wa Tour ya 2025, ana mkataba na timu hiyohiyo hadi 2030, utaona kwamba kijana mwenye ndoto ya kushinda Tour hakuwa na mahali pa kukaa pale.

Upepo wa ubavuni unavunjaje msafara?

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mengi. Anayeendesha kutoka Paje kwenda Makunduchi wakati wa kusi anajua kwamba upepo wa ubavuni humfuata hata akijificha nyuma ya mwenzake, na kwamba pahala pa nafuu ni nyuma kidogo na upande wa demani. Waendeshaji hujipanga kwa mshazari hivyohivyo, wa kwanza akiwa upande wa joshini, unakotoka upepo. Lakini barabara ina mwisho wa upana. Ikitosha watu 15 katika mshazari, wa 16 hubaki kwenye ukingo bila kinga, na mara anapoachia nafasi ya mita chache, wote walio nyuma yake wamekatika.

Timu yenye watu wengi mbele ndiyo inayoongeza kasi wakati huo, bila huruma. Katika Tour ya 2020 Pogačar alikatwa na upepo katika hatua ya 7 kuelekea Lavaur akapoteza dakika 1 na sekunde 21, ingawa mwishowe alishinda Tour hiyo. Katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2016, jangwani, Ubelgiji ilikuwa na watu sita katika kundi la mbele na bado ikashika nafasi ya tatu tu, kwa Tom Boonen, nyuma ya Peter Sagan na Mark Cavendish. Wingi wa watu hukufikisha mbele. Kumaliza ni ujuzi mwingine.

Kwa nini Vingegaard alikataa kuvuta kwa zamu na wenzake mjini Troyes mwaka 2024?

Hatua ya 9 ya Tour ya mwaka ule ilikuwa na sehemu 14 za barabara nyeupe za changarawe, jumla ya kilomita 32, na mshindi alikuwa Anthony Turgis wa Ufaransa. Pogačar na Evenepoel walijaribu kuchomoka pamoja na Vingegaard, lakini Vingegaard hakushika zamu, na mashabiki wengi walimwita mwoga.

Naona hawakumtendea haki. Alikuwa amepata pancha na alikuwa akiendesha baiskeli ya mwenzake Jan Tratnik, ambayo haikuwa kipimo chake. Alikuwa amerudi kutoka katika ajali kubwa ya mwezi Aprili. Hakuwa na faida yoyote ya kuongeza kasi juu ya barabara inayomfaa Pogačar kuliko yeye. Kukataa kuvuta ni mbinu halali, na siku ile ilikuwa mbinu sahihi.

Mbio za changarawe zenyewe ni zipi, na zilitoka wapi?

Barabara za vumbi na changarawe zimekuwapo katika mbio tangu mwanzo, kwa kuwa lami ilikuja baadaye. Strade Bianche, inayoishia Siena, ilianzishwa mwaka 2007 na imejengwa juu ya barabara nyeupe za Toscana, lakini hiyo bado ni mbio ya barabarani yenye timu na baiskeli za barabarani.

Mbio za changarawe kama mchezo unaojitegemea zilikulia Marekani. Iliyo mashuhuri zaidi ni Unbound Gravel ya Emporia, katika jimbo la Kansas, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina jingine. Masafa yake makuu ni maili 200, yaani takriban kilomita 320, kupitia vilima vya Flint Hills, ambako mawe yake ni makali kiasi cha kukata tairi kama kisu. Mvua ikinyesha, udongo hugeuka tope zito linalonata kwenye gurudumu hadi lisizunguke, na mwaka 2023 mamia ya washiriki walibeba baiskeli zao mabegani mapema kabisa katika safari. Anayeijua njia ya udongo ya shamba Pemba mwezi wa Aprili, masika yanapokolea, anaweza kupata picha bila kufika Kansas.

UCI iliingia baadaye. Mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe yalifanyika Veneto, Italia, mwaka 2022, na washindi walikuwa Gianni Vermeersch wa Ubelgiji na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa. Matej Mohorič na Kasia Niewiadoma walishinda mwaka 2023, Mathieu van der Poel na Marianne Vos mwaka 2024, kisha Florian Vermeersch na Lorena Wiebes mwaka 2025 huko Limburg, Uholanzi. Huyo Florian, asiyekuwa ndugu wa Gianni, alikuwa ameshika nafasi ya pili mara mbili mfululizo kabla ya kushinda, na msimu wa ushindi wake ulikuwa wa kwanza akiwa na UAE baada ya kutoka Lotto.

Je, kuna timu na mbinu katika mbio za changarawe?

Hapa pana mgogoro wa kweli. Katika Marekani desturi ilikuwa kila mtu kujitegemea: unabeba tyubu, pampu na kiraka chako, unaziba pancha yako mwenyewe, na unapata msaada katika vituo vilivyopangwa tu. Wengi wa washindani wakuu hawana timu bali wadhamini wao binafsi, na Keegan Swenson na wenzake wameishi hivyo kwa miaka. Hakuna redio masikioni wala gari la timu nyuma.

Lakini fedha zilipoongezeka, waliotoka katika timu kubwa walileta akili ya timu. Watu wawili wenye mdhamini mmoja wakiwa katika kundi la watu kumi, mmoja akichomoka na mwenzake akikataa kufukuza, hiyo tayari ni mbinu ya timu hata kama fomu ya usajili inasema ni watu binafsi. Waandaaji wa Unbound wamejitahidi kuweka mipaka. Vishikio vya kulalia juu ya usukani vilipigwa marufuku kwa washindani wakuu, na wanawake wakuu wakapewa muda wao wa kuanza, ili ushindi wao usiamuliwe na nani aliyepata mgongo wa mwanamume wa kujikinga nyuma yake. Hatua hii ya pili niliipokea kwa furaha kubwa. Mwaka 2024, mwaka wa kwanza wa utaratibu huo, wanawake tisa walifika pamoja mwishoni na Rosa Klöser akawashinda kwa kasi.

Katika mashindano ya dunia, mambo ni wazi zaidi: watu huvaa jezi za nchi zao, na Ubelgiji, Italia au Uholanzi huja na kikosi kizima.

Tairi za namna gani hutumika?

Tairi pana, kuanzia milimita 40 hivi, na miaka ya karibuni wengi wameanza kutumia tairi za baiskeli za milimani zenye upana wa zaidi ya milimita 50. Hazina tyubu ndani. Huwekwa majimaji yanayoziba tundu dogo yenyewe. Upepo hujazwa kidogo ili tairi liushike mchanga na kupita juu ya mawe bila kuruka. Kwa barabara zetu za mawe ya matumbawe, tairi pana lenye upepo wa wastani ni bora kuliko jembamba lililojazwa hadi kuwa gumu, hata kwenye baiskeli ya kawaida ya kwendea skuli au sokoni.

Kwa nini Biniam Girmay alihama?

Girmay wa Eritrea ndiye mwendeshaji Mwafrika mweusi mwenye mafanikio makubwa zaidi katika historia ya mchezo huu. Alipita katika kituo cha mafunzo cha UCI kule Aigle, Uswisi, akaanza kulipwa katika timu ndogo ya Kifaransa, Delko, iliyokumbwa na matatizo ya fedha, kisha katikati ya mwaka 2021 akahamia Intermarché. Mwaka 2022 alishinda Gent-Wevelgem na hatua moja ya Giro. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuivaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, hadi mwisho.

Mwishoni mwa 2025 Intermarché iliungana na Lotto, na muungano wa timu mbili una maana ya watu wengi kuliko nafasi zilizopo. Girmay akajiunga na NSN, timu iliyochukua mahali pa Israel-Premier Tech. Mtu mwenye kasi ya mwisho kama yeye hutegemea watu wawili au watatu wanaomfikisha mita 200 za mwisho akiwa hajapigwa na upepo. Mimi nitautazama usajili huu kwa kuangalia nani yuko mbele yake katika kilomita ya mwisho, na kama watu hao watakuwa walewale kila wiki.

Kwa nini timu hufungwa au kuungana ghafla?

Mdhamini akiondoka, timu hukosa mshahara wa mwaka ujao. Arkéa-B&B Hotels ya Ufaransa ilifungwa hivyo mwisho wa 2025. Juu ya hilo kuna pointi: leseni 18 za daraja la juu hutolewa kwa kipindi cha miaka mitatu kwa kuzingatia pointi zilizokusanywa, na kipindi cha mwisho kilikuwa 2023 hadi 2025. Cofidis ilishuka na Uno-X ikapanda. Astana, iliyokuwa hatarini, ilijinusuru mwaka 2025 kwa kuwapeleka watu wake katika mbio nyingi ndogo na kuokota pointi kila mahali. Ndiyo maana siku nyingine utaona timu nzima ikimpigania mtu wa nane badala ya kujaribu kushinda.

Je, Afrika Mashariki ina nafasi katika changarawe?

Inayo, na huenda ni kubwa kuliko katika mbio za barabarani, kwa sababu kijana hahitaji kuchaguliwa na timu ya Ulaya ili apate kuanza. Migration Gravel Race, inayofanyika katika nyika za Maasai Mara, Kenya, tangu 2021, hukimbiwa kwa siku nne na iliwapa waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda fursa ya kupimana na wageni wenye majina, nyumbani kwao. Kutoka katika juhudi hizo ilikua Team Amani. Nahodha wake, Sule Kangangi wa Kenya, alifariki dunia Agosti 2022 kwa ajali katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani, na pengo lake bado linaonekana.

Kizuizi kikubwa zaidi ni viza, ambazo huchelewa au kunyimwa, na bei ya baiskeli. Miguu ipo. Mashindano ya Kigali yalionyesha ugumu wa ngazi ya juu: kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda, Pogačar akashinda mbele ya Evenepoel na Ben Healy, na waliomaliza walikuwa 30 tu.

Usajili wa wanawake una mfano gani wa kufuatilia?

Ferrand-Prévot, bila shaka. Baada ya dhahabu ya Olimpiki ya baiskeli za milimani mwaka 2024 alirudi barabarani na Visma kwa lengo la kushinda Tour ndani ya miaka mitatu. Alishinda katika mwaka wa kwanza, 2025, akiwa ameshashinda pia Paris-Roubaix mwezi Aprili. Mwaka huohuo Demi Vollering aliiacha SD Worx kwenda FDJ-Suez ili awe kiongozi pekee.

Mbio huonekana saa ngapi kwa saa zetu?

Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, sisi tuko saa moja mbele ya Ufaransa, Italia na Hispania. Miezi mingine tofauti ni saa mbili. Hatua nyingi za Tour mwezi Julai humalizika kati ya saa 12 na saa 12 na nusu jioni, karibu na Magharibi, kwa hiyo mlima wa mwisho mara nyingi huangukia baina ya Alasiri na adhana. Unbound huanza alfajiri ya Kansas, ambayo ni karibu saa 8 mchana kwetu, na mshindi wa wanaume hufika baada ya kuendesha kwa muda wa saa tisa hivi au pungufu kidogo. Mwaka 2025 Cameron Jones wa New Zealand alifika kwa muda wa rekodi, na hata hivyo Zanzibar ilikuwa imeshapita saa 4 usiku.